Siku Kumi Bila Samaki

Watu wa Bwera wanasema mpwa wangu Docus ana kiburi. Waache waseme. Mimi Bulandina, muuza samaki wa chumvi, nimemwogesha akiwa mtoto na nimekaa naye nyumba moja akiwa mtu mzima. Hicho wanachokiita kiburi nilikiona kikianza kwa macho yangu, tena mimi mwenyewe nilitaka kukizuia. Nitalisema hilo pia, maana siwezi kusimulia ya wenzangu nikaruka yangu.

Docus ni binti wa pili wa kaka yangu Yafesi, ndiyo maana anaitwa Biira, kama mabinti wa pili wengi wa Wakonzo. Mwaka 2012 alikuja kukaa kwangu Kasese mjini. Alikuwa anasoma masters ya mambo ya samaki katika chuo kikuu kimoja cha Kampala, na msimamizi wake, Dokta Eridadi, alimtuma Ziwa George kupima ngege, wale mnaowaita sato au perege: urefu, uzito, na mayai yaliyomo tumboni. Kazi ya miezi kumi na minne. Kila asubuhi alipanda boda mpaka mwalo wa Kahendero, mitumbwi inapotia nanga, na ubao wake wa kupimia kwapani, ubao wa kawaida tu aliopigilia rula kwa misumari.

Mwanzo wanawake wa mwalo walimkataa. Nani atampa mtu samaki wake ampasue tumbo halafu amrudishie? Mimi nilikuwa mnunuzi pale, wananijua, nikaona haya kwa niaba yake. Lakini Docus alikaa chini na kisu chake akawaambia kwamba kila samaki atakayempima atamsafisha yeye mwenyewe, magamba na matumbo, bure. Basi hapo foleni ikawa ndefu. Kusafisha samaki si mchezo, na yule binti alisafisha mamia kwa mamia. Miba ilimchoma vidole mpaka jioni akawa anashika kijiko kwa shida. Kila samaki alimwandika kwenye daftari kwa mkono wake, tarehe juu ya ukurasa.

Dokta Eridadi alikuja mara moja tu. Alikaa mwaloni nusu saa, viatu vimeng'aa, akija hatua moja na kurudi mbili ili asikanyage maji ya samaki. Kisha akaja kwangu, akala ngege wangu mkubwa, akasifu mchuzi. Akamwambia Docus mbele yangu kwamba kazi ni nzuri na wataichapisha pamoja, majina yote mawili. Nilifurahi sana siku ile. Nilimfungia na samaki wa kwenda nao, Mungu anisamehe.

Halafu ikaja Mei ya 2013, na Nyamwamba ikatoka kwenye njia yake. Mtu wa Kasese humwambii Mei ile ilikuwaje. Mto ulishuka na mawe na magogo, ukaingia nyumbani kwangu bila kupiga hodi. Docus aliokoa daftari, alilifunga kwenye nailoni akalitia ndani ya gauni, lakini ubao ulikwenda na maji pamoja na sufuria zangu zote. Siku kumi tulizoa matope. Siku ya tatu tulimzika mzee Thembo, jirani yetu wa ukuta mmoja. Samaki? Nani alikuwa na habari ya samaki. Docus alimpigia msimamizi wake kumweleza, naye akamgombeza kwamba pengo linaharibu jedwali. Docus akafungua daftari, akaandika mstari mmoja: *Maji. Hakuna kazi.* Chini yake akaacha kurasa tupu, moja kwa kila siku, akatengeneza ubao mwingine, akarudi mwaloni.

Yaliyofuata Kampala sikuyaona, aliniambia kidogo kidogo. Kwamba Dokta aliikalia tasnifu yake miaka miwili. Kwamba alimfanya amfundishie madarasa na kumsahihishia mitihani, na akija kuuliza habari ya kazi yake anaambiwa akae kwenye benchi la korido, na jioni Dokta anatokea mlango mwingine. Alipata shahada yake 2016, amekonda. Mwezi uliofuata akaona kwenye intaneti chapisho la ngege wa Kahendero. Jina la Dokta Eridadi juu, na la rafiki yake. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, walimshukuru "Biira kwa msaada mwaloni." Biira! Kasese nzima ina Biira wangapi? Hata mimi nina Biira watatu kwenye ukoo. Aliandika malalamiko chuoni, akajibiwa ashukuru ametajwa.

Akarudi huku, akapata kazi ya kufundisha baiolojia sekondari moja ya Bwera. Daftari alilitia kwenye sanduku akanipa nimtunzie. Ngege akiwa mezani alikula ugali na mboga. Alikuwa na miaka thelathini na moja na akawa mtu wa kusahihisha madaftari ya watoto na kulala. Iliniuma, sitaficha.

Basi mwaka 2017, siku ya soko, alinijia kwenye meza yangu ya samaki na karatasi mbili mkononi. Chuo kimoja cha Tanzania kilikuwa kinatafuta watu wawili wa kusoma PhD, utafiti wa maziwa ya ukanda wetu, masomo yakilipiwa yote. Alizungumza haraka, na macho yake yalikuwa yale ya zamani. Kulikuwa na kikwazo kimoja: walitaka barua ya msimamizi wa masters.

"Na yule mtu nimeshampigia," akasema.

Dokta Eridadi hakukataa. Alisema atamwandikia barua nzuri, tena nzuri sana, ila Docus atie sahihi kwanza kwenye karatasi fupi. Hiyo ndiyo ilikuwa karatasi ya pili. Ilisema kwamba takwimu zote za Kahendero ni mali ya mradi wa Dokta, kwamba Docus alikuwa msaidizi tu, na kwamba amelisoma lile chapisho na analikubali lilivyo. Siku za kupeleka maombi zilikuwa zimebaki tisa.

Hapa ndipo penye aibu yangu. Nilimwambia atie.

"Sahihi ni wino tu," nilimwambia. "Andika, chukua barua, nenda zako. Ukishakuwa Dokta wewe pia, nani atauliza habari za ngege?"

Docus alikaa juu ya gunia langu la chumvi, akafungua chapisho kwenye simu. Tangu 2016 alikuwa ameona majina na zile shukrani tu akalifunga kwa uchungu, ndani hakuwahi kuingia. Sasa akasema hawezi kukubali kitu ambacho hajakisoma. Nikamwona ni mkaidi, nikaendelea na wateja. Kavira, mteja wangu wa kutoka Butembo ng'ambo ya mpaka, akamtazama akaniuliza, "Huyu mutoto iko na shida gani? Kichwa yake karibu kutoa moshi." Nikamwambia ni mambo ya shule.

Baada ya muda Docus akaniita. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Shangazi, tarehe tatu Mei, mwaka wa Nyamwamba, tulikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunamzika mzee Thembo. Swali gani hilo?"

"Hapa imeandikwa siku hiyo nilipima ngege ishirini na sita Kahendero."

Nikaacha mizani. Akanisomea: tarehe mosi, ngege kumi na tisa. Tarehe mbili, ishirini na mbili. Kila siku ya zile kumi ilikuwa na mstari wake, na samaki wake, na uzito wao, na mayai yao. Ubao uko chini ya matope ya Nyamwamba, mpimaji ameshika jembe kwenye chumba changu cha kulala, na huko Kampala mtu amekaa kwenye kiti anatuzalia samaki. Sikuwahi kusoma mambo ya chuo, lakini uongo naujua, nimeuza sokoni miaka ishirini. Hasira iliyonishika siku ile haijaisha mpaka leo. Yule mtu alikula kwangu.

Docus hakulia na hakupiga kelele. Aliikunja ile karatasi ya sahihi mara nne, akaiweka kwenye mkoba, akaniomba ufunguo wa sanduku.

Mwalimu mkuu wake, Bwana Baker, alipoambiwa alishika kichwa. Alisema wasomi wanajuana, kwamba ukimtaja mmoja wote wanakufungia mlango, kwamba bora aombe bila kusema lolote, pengine hawatagundua kwamba barua moja haipo. Ni mtu mwema, hakusema vibaya. Docus alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akaomba barua yake yeye kama mwajiri, akapewa.

Kisha akapanda boda mpaka Kahendero, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu na zaidi. Mumbere, katibu wa kamati ya mwalo, alimwandikia barua kwa Kiswahili chetu cha huku, akaipiga muhuri: *Huyu Docus alipima samaki hapa miezi kumi na ine. Kila samaki alipima, alisafisha. Wakati ya maji hakukuja. Hakuna mutu ingine alikuja kupima.* Wanawake kumi na mmoja wakaweka majina yao chini, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Mpaka leo nasema hakuna barua ya profesa inayoipita ile.

Mahali pa barua ya msimamizi Docus aliandika yake. Aliisoma kwangu kabla ya kuituma. Haikuwa na tusi hata moja, na mimi nilikuwa nimempa matusi mazuri. Ilisema barua haipo, ilisema kwa nini, na ilifuatwa na picha za daftari, kurasa kumi tupu na ule mstari wa maji. Akaituma siku moja kabla ya mwisho.

Wiki tano kimya. Nilianza kuogopa kwamba Bwana Baker alisema kweli. Docus yeye alifundisha, akasahihisha, na jioni akakaa kwangu akisoma vitabu vya samaki kana kwamba ameshakubaliwa. Nilimuuliza na wakikataa je? Akasema ataomba kwingine, kwa barua ile ile.

Wakampigia, wakataka kuzungumza naye kwa Skype. Tukaenda duka la intaneti hapa Kasese, mimi nikakaa pembeni nisionekane, maana hata kama sijui ya PhD, mtoto haendi peke yake mbele ya wazee. Walikuwa wawili: Profesa Mahmood, mwenye ndevu nyeupe, na mama mmoja aliyekuwa akiandika tu. Waliuliza mengi ambayo sikuyaelewa. Mwisho profesa akavua miwani.

"Dokta Eridadi tunamfahamu," akasema. "Amekuwa kwenye mikutano yetu. Unaelewa kwamba maneno haya yakishasemwa hayarudi? Ukitaka, tunaweza kuiweka barua yako kando na kuendelea na mengine."

Nilishika kiti. Mlango ulikuwa wazi, angekubali tu angetoka salama. Moyoni nilisema kubali, mwanangu, kubali. Ndiyo, mara ya pili. Mimi ni mwoga, sasa mmejua.

Docus alisogea karibu na kompyuta.

"Profesa, siku zile kumi sikupima samaki hata mmoja. Nilikuwepo, najua. Kama mnatafuta mtu wa kujaza siku tupu, mchukueni mwingine. Mimi siwezi, na sitaki mnichukue mkidhani naweza."

Yule mama aliacha kuandika. Profesa akavaa miwani yake, akashukuru, picha ikakatika. Tulitoka nje tukasimama juani. Docus akaninunulia soda.

Barua ilikuja baada ya siku kumi na mbili. Amekubaliwa. Waliandika kwamba ataanzia hapa hapa Kahendero, apime upya, na kwamba lile jambo la chapisho wamelifikisha kwa jarida lenyewe. Nilipiga vigelegele mpaka wenzangu wa sokoni wakadhani Docus anaolewa. Kavira alipoambiwa alisema hata ndoa haifai hivyo, akaninunulia samaki wawili zaidi ya kawaida yake.

Jumamosi yake Docus akaja mezani kwangu na fomu ya chuo, kurasa tatu, Kiingereza kitupu. Mahali pamoja palihitaji sahihi ya mtu wa familia, shahidi wa kwamba yote yaliyojazwa ni kweli. Baba yake yupo, Bwana Baker yupo, lakini aliniletea mimi kalamu.

"Weka hapo, shangazi," akasema, na mdomo wake ulikuwa unataka kucheka. "Ni wino tu."

Nikafuta mikono kwenye kanga, chumvi isiharibu karatasi. Wateja walikuwa wanne wananisubiri, Kavira wa kwanza, na gari lake la kuvuka mpaka lilikuwa linapiga honi. Nikaiweka kalamu mezani.

"Nisomee kwanza," nikamwambia. "Kurasa zote."

Akavuta gunia la chumvi, akakaa, akaanza na ya kwanza.