Kuwaelekeza Mababu Chongqing

Kilichoninyima usingizi hakikuwa umbali, wala baridi, wala chakula. Kilikuwa swali: Chongqing ni mji au ni mkoa?

Nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma shahada ya pili huko China, na chuo kilitaka jibu kabla ya wiki kuisha. Mtu mwenye akili timamu angekubali au angekataa, akalala. Mimi nilifungua ramani kwenye simu. Moja iliuweka mji ndani ya jimbo la Sichuan, nyingine nje. Nikasoma zaidi, nikachanganyikiwa zaidi. Wakati wa vita na Wajapani, serikali ya nchi ilihamia hapo. Baadaye mji ukawekwa chini ya Sichuan. Miaka ya tisini ukatolewa tena, ukawa chini ya serikali kuu, ukaongezewa wilaya nzima za mashamba na milima, na vyote vikaitwa jiji. Nitaishije mahali nisipojua panapoanzia?

Kwetu, nje kidogo ya Bariadi, mtu haendi mbali bila kuagwa. Bibi mzaa baba hushika kibuyu cha maji yenye unga wa mtama, akawaambia mababu mtoto anakwenda wapi ili wamfuate. Mama, ambaye ni mwanakwaya, saa hiyo hukumbuka ana kazi jikoni.

Bibi aliniita. "Unakwenda au huendi? Nisipoteze unga bure."

"Bado nafikiria, Bibi."

"Fikiria ukiwa umekaa hapa. Huo mji uko mkoa gani?"

"Ulikuwa Sichuan. Sasa haupo Sichuan."

"Umehama?"

"Uko palepale."

Baba mdogo, aliyekuja kutoka Bukundi kwa ajili ya shughuli hiyo, akacheka. "Kwani sisi tulihama? Tulilala Shinyanga tukaamka Simiyu."

Bibi hakucheka. "Ndiyo taabu yenyewe. Babu yenu alikufa hapa pakiwa Shinyanga. Yeye Simiyu anaijua kuwa ni mto. Mimi niliolewa hapa pakiitwa Jimbo la Ziwa, na jiko langu halijasogea. Sasa nikiwaambia wazee Sichuan watakwenda Sichuan, na wewe huko hupo."

Nilifurahi hadi nikakaribia kulia. Hatimaye kulikuwa na mtu mwenye wasiwasi uleule niliokuwa nao. Nikaokota kijiti nikachora chini mto Yangtze, kisha Jialing ukiingia, na mji juu ya mwamba katikati ya mito hiyo, na ngazi zinazoshuka mpaka kwenye gati la meli.

"Meli? Mtoni?" Baba mdogo akainama kutazama. "Simiyu wakati wa kiangazi tunauvuka na soksi."

"Ni bandari kubwa, Baba mdogo. Halafu jiji lenyewe ni kama Bariadi iitwe jiji, na Maswa, Mwanhuzi na Bukundi ziwe ndani yake."

"Ngoja kwanza. Ng'ombe wangu wa Bukundi ni wa jiji?"

"Kiserikali, ndiyo."

"Na mimi ni mtu wa mjini?"

"Ndiyo."

"Mpigie simu mama yako mdogo umwambie. Kila siku ananiita mshamba."

Bibi alichoka na sisi. Akanipa kibuyu. "Mimi sitapotosha wafu. Waelekeze mwenyewe, msomi."

"Mama, huyu?" Baba mdogo akashika kichwa. "Tutalala hapa!"

Nikasimama mlangoni. "Mababu, shikamooni. Kwanza kabisa ieleweke kwamba mji huu, kihistoria..."

"Fupisha! Wazee wamesimama," Bibi akakemea.

Nikaacha historia. "Msiulize mkoa. Ulizeni mto mkubwa unaoingia baharini, muufuate kwenda juu. Mkiona mto mwingine unaingia upande wa kulia kwenye mji wa tambarare, msishuke. Hapo ni Wuhan. Endeleeni, mpite katikati ya majabali marefu. Mtakutana na mto mwingine, kulia vilevile, chini ya mji wa milima wenye ukungu. Pandeni zile ngazi. Nitakuwa nawasubiri juu."

Mama akachungulia kutoka jikoni, sufuria mkononi.

"Kumbe unakwenda," Baba mdogo akasema.

Nilitaka kusahihisha. Nilikusudia kusema *nikienda*. Lakini nikawaza: kama walishaanza safari? Wangefika wamechoka, wakae kwenye ngazi za watu, ukungu umetanda, hawajui neno la Kichina, na mwenyeji wao yuko Bariadi anaangalia ramani. Nikageuza wazo hilo kila upande nikitafuta tundu la kutokea. Sikuliona.

Nikatia maji ya kibuyu mdomoni, nikayapuliza kama Bibi afanyavyo. Mengi yalimwangukia Baba mdogo kwenye shati. Kisha nikaenda mpaka kwenye uzio wa zizi, ambako mtandao hushika kidogo, nikakiandikia chuo kwamba nakuja, nikatuma.