Fahali wa Jirani Alinilamba Mfuko

Familia yetu na ya kina Muriuki hazijasalimiana tangu zigombanie malisho ya hapa Kieni, kabla sijazaliwa. Lakini mimi na Muriuki tulikuwa tukikutana kwenye seng'enge ya mpaka kila jioni, kila mmoja na mifugo ya kwao. Ili fahali wao asingurume akatuumbua, nilikuwa nikimlambisha chumvi niliyobeba mfukoni. Nikajiona mjanja kweli.

Jumamosi tulipeleka ng'ombe kwenye josho. Wao walisimama upande ule, sisi upande huu, kama kawaida. Fahali alipotoka kwenye dawa, akiwa bado anachuruzika, alipenya katikati ya watu wote, akaja moja kwa moja kwangu na kutia ulimi mfukoni.

"Ati huyu fahali yangu anakujua aje?" akauliza baba yake Muriuki.

"Labda ni harufu ya sabuni, mzee," nikajibu. Sabuni!

Baba yangu hata hakunisikia. Alikuwa akimkodolea macho Muriuki, aliyesimama kofia mkononi, huku Kairu, ng'ombe wetu anayewaogopa wageni, akimlamba mfuko wa koti taratibu, amefumba macho.

Kumbe naye!