Kutwishana Ndoo katika Chemchemi ya Inyanzi

Jumatatu, tarehe 4 Machi 2024, saa kumi na mbili asubuhi, wanawake kumi na wanane walisimama na ndoo zao mbele ya lango dogo la Bustani ya Chemchemi ya Inyanzi, katika kata ya Ihanda. Lango kubwa, lililoelekea barabarani, lilikuwa la wageni: wanafunzi kutoka Vwawa, maharusi waliokuja kupigwa picha, na wapita njia waliopenda kusoma kibao kinachoeleza jinsi wapagazi wa zama za Wajerumani walivyopumzika penye maji hayo. Lango dogo lilikuwa la wateka maji, nalo lilifunguliwa kwa saa moja tu kabla ya wageni kuingia.

Siku hiyo mlinzi wa bustani, kijana aitwaye Lusubilo, aliwatangazia kanuni mpya. Mwezi uliotangulia mwanamke mmoja aliteleza kwenye ngazi za mawe akiwa peke yake, akavunjika mguu, asipate wa kumsikia.

"Kwa hiyo, mama zangu, mtu mmoja hafunguliwi. Wakiwa wawili, nafungua."

Wanawake wakacheka. Nani angekuja peke yake? Ndoo ikishajaa pale penye mwamba, lazima awepo wa kukutwisha. Huko Inyanzi, kumtwisha mwenzako hakukuwa jambo la kuombwa. Hata waliogombana walitwishana, kisha kila mmoja akashika njia yake akiwa amenuna vilevile.

Loisi alikuwa mmoja wa walionuna. Alizaliwa Chapwa, kwa Wanamwanga, akaolewa Ihanda na Efraimu, mkulima wa kahawa. Asubuhi ya kwanza ya ndoa yake mama mkwe alimpeleka chemchemini, na aliyemtwisha ndoo alikuwa Ikupa, dada yake Efraimu, wakati huo msichana mwenye maneno mengi.

"Simama wima, wifi," alimwambia. "Ukiyumba hivyo, watasema kaka yangu ameoa kinyonga."

Mawifi hao walizeeka wakitwishana. Kisha, mwaka 2021, Efraimu akafariki. Msibani Ikupa ndiye aliyesimamia jiko. Ndugu zake Loisi waliovuka mpaka kutoka Nakonde walifika jioni, wakapewa ugali na mchuzi wa maharage usio na hata punje moja ya maharage. Loisi alilimeza hilo kwa juma zima, kisha akalitapika chemchemini mbele ya watu.

"Wifi, maharage ya msiba wa kaka yako ulimfichia nani?"

"Wageni wa jioni hula cha jioni," Ikupa akajibu.

Tangu hapo hawakusalimiana. Walitwishana tu, macho yakiwa majini.

Mwezi Juni 2024 mabomba yakafika kijijini, na wateka maji wakaanza kupungua. Loisi naye alifungiwa bomba uani. Alifulia, akamwagilia miche ya kahawa. Lakini hakuacha kwenda Inyanzi. Hakujaliwa mtoto, na mume hakuwapo tena. Njia ile ya asubuhi ndiyo iliyokuwa imemfanya mwenyeji wa Ihanda. Aliona kwamba siku atakayoiacha, atarudi kuwa mgeni kutoka Chapwa.

Kufikia Novemba walibaki watatu: yeye, Ikupa, na bibi mmoja aliyeitwa Enesi. Enesi akahamia Tunduma kwa binti yake. Mara bomba likafika kwa Ikupa pia, naye hakuonekana tena langoni.

"Shikamoo, mama," alisema Lusubilo, Loisi alipofika langoni peke yake.

"Marahaba. Fungua."

"Uko na nani?"

"Na ndoo."

"Ndoo si mtu, mama. Leo ni siku ya tatu nakurudisha. Kamati ya bustani imesema juma likiisha bila wateka maji, lango hili litazibwa, uzio uungane."

Ilikuwa Ijumaa. Loisi hakurudi nyumbani. Alishika njia ya kwa Ikupa, ndoo mkononi, akamkuta ameketi kwenye mkeka akichambua maharage. Kuyaona kwake nusura kumgeuze nyuma.

"Umepotea, au umekuja kuyahesabu?" Ikupa aliuliza.

"Nimekuja kukuchukua twende majini."

"Nina bomba."

"Hata mimi ninalo. Bomba halijui kutwisha mtu."

Ikupa aliendelea kuchambua. Hatimaye akasema bila kuinua uso, "Wale ndugu zako wa Nakonde wanasemaje?"

"Wanasema mchuzi ulikolea chumvi."

Ikupa alicheka kwa pua.

"Yalikwisha, wifi. Watu walikuwa wengi kuliko sufuria. Niliona aibu kutangaza kwamba maharage yamekwisha kwenye msiba wa kaka yangu."

"Ungeniambia mimi."

"Wewe ulikuwa unalia."

Loisi alisogeza ungo kando, akampa mkono, akamwinua.

Lusubilo alipowaona wawili, alifungua bila kuuliza. Ikupa alimtwisha Loisi kwanza. Kisha Loisi, ndoo kichwani, akapinda magoti na kumsaidia mwenzake kwa mkono mmoja. Maji yakamwagika, yakawalowesha wote wawili mabegani.

"Kinyonga!" alifoka Ikupa.

Lango halikuzibwa. Mwaka ulipokwisha, kati ya wale kumi na wanane, kumi na wanne walitegemea mabomba ya nyumbani, mmoja alikuwa amefariki mwezi Agosti, na Enesi alikuwa Tunduma. Waliobaki walikuwa wawili.