Kura Moja, Wenyewe Wengi

Nilikuwa mbunge kwa miaka mitano, na nilitaka mitano mingine. Sitajifanya mtawa hapa. Nilikitaka kiti kile mpaka usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Kwa hiyo siku ya kura za maoni, wajumbe wa chama walipokutana ukumbini jirani na Mnazi Mmoja kuchagua mgombea kati yangu na mwenzangu mmoja, nilikwenda na suti mpya, na mfukoni hotuba ya kuwashukuru.

Nilikuwa na sababu ya kujiamini. Watu wanadhani kazi ya mbunge ni kuongea Dodoma. Jimboni kwetu kazi ni kuzika. Akifa mtu Kariakoo usionekane msibani, hata ukimletea mjane bomba la maji mpaka chumbani, umekwisha. Nimebeba majeneza ya watu ambao sikuwahi kuwaona. Nimekula ubwabwa wa msiba asubuhi kwenye mkeka kwa Wangindo, na mchana nikala tena kwenye viti vya plastiki kwa Wachaga wenye maduka ya jumla. Siku moja nilimsifu marehemu kwa ukarimu wake mpaka mjane akanitazama, kisha akalitazama jeneza, kuhakikisha kwamba aliyemo ni mume wake.

Mke wangu naye alikuwa mjumbe. Ndiye aliyebaki na duka letu la ndoo na mabeseni Kariakoo miaka yote ile, na siku hiyo alilifunga mapema, akaninyoosha tai, tukaingia ukumbini pamoja.

Kura zikahesabiwa. Msimamizi alisoma jina langu, akageuza karatasi aone kama nyuma kumeandikwa kitu, halafu akasema nimepata moja.

Hiyo moja nilijipigia mwenyewe. Hesabu yake haihitaji shule.

Sikuwa nimefika mlangoni wakaanza kunijia. Mwenyekiti wa mtaa alinivuta pembeni, akaapa kwa mama yake mzazi kwamba kura ile ni yake. Mama mmoja muuza dagaa akaninong'oneza hivyo hivyo, akaniomba nisimwambie mtu. Kesho yake wakahamia dukani. Waliingia mmoja mmoja, wanajifanya wanapima ndoo, kisha wanasogea karibu. Nilimshukuru kila mmoja, maana ningefanyaje? Mzee mmoja aliyekuwa akinipokea kwa vigelegele vya wakeze wawili alilia kwa uchungu wa kweli kabisa.

"Mheshimiwa, binadamu hawana shukrani," alisema. "Ile moja ni ya kwangu."

Alilia mpaka nikaanza kujiuliza kama kweli nilijipigia.

Kufika adhuhuri walikuwa wameshafika kumi na tisa. Mimi na mke wangu tukakaa nyuma ya mabeseni kula wali na samaki wa Feri. Nilikuwa na hasira, lakini kicheko kilikuwa kinanishinda. Nikamwambia kwamba jimbo hili lina maajabu, watu kumi na tisa wamechangia kura moja, na yeye tu ndiye hajaja kudai yake.

Hakucheka. Aliweka sahani chini, akanawa mkono taratibu.

"Mimi sikukupa, baba watoto. Nilimpa yule mwingine."

Nikamuuliza kwa nini, na sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Umewazika mama wa watu wote hapa mjini. Mama yangu alipokufa Lindi, ulikuja siku ya nne, turubai limeshakunjwa."

Nilifungua mdomo nijitetee. Ilikuwa Bunge la bajeti, na nilikuwa na swali la nyongeza kuhusu mitaro ya Kariakoo. Ndipo nikakumbuka rambirambi niliyomtumia kwenye simu siku ile. Yalikuwa maneno yale yale niliyowatumia wapiga kura wangu, nikabadilisha jina la marehemu tu. Niliona aibu ambayo kule ukumbini, mbele ya watu wote wale, sikuiona.

Wiki iliyofuata tulifunga duka tukapanda basi la Lindi. Kaburi la mama mkwe lilikuwa limeota majani, nikavua koti nikaanza kung'oa. Mke wangu alikaa kivulini akinitazama. Baadaye akaja akachuchumaa kando yangu, tukang'oa wote.