Mianzi ya Masika

Lukresia alipanda ngazi akiwa amekwishakasirika. Alikuwa ameitwa mbele ya watoto, mbele ya wapishi wa uji na mbele ya akina mama wa kikundi kilichojenga chekechea ile ya mtaa wa Lizaboni, mjini Songea, na hakuna hata mmoja aliyemwambia karibu. Mwenyekiti wao, Mama Adela, alimwonyesha tu bakuli. Juu ya uji ulielea unga wa manjano, laini kama poda, uliodondoka kutoka kwenye dari la mianzi ambalo Lukresia mwenyewe alilifunga mwezi wa tano.

"Zamani tulikunywa ulanzi," alisema mama mmoja pembeni. "Siku hizi tunalishwa mianzi yenyewe."

Wenzake walicheka. Lukresia alitoa kisu mfukoni, akaubonyeza mwanzi mmoja kwa ncha, na kisu kikazama kama kwenye mkate. Ndani vilijaa vidudu vidogo vyeusi, jamaa wa dumuzi wale wanaomaliza mahindi ghalani. Akabonyeza wa pili, kisha wa tatu. Hali ilikuwa ile ile. Alishuka haraka, kwa sababu alijua kwamba akifungua mdomo atatukana, na watoto walikuwa wakimtazama.

Wakazi wengi wa Songea wanamfahamu kwa jina la Mama Mianzi. Alizaliwa Madaba, ambako kila kaya ina kichaka chake cha mianzi. Masika yakifika, machipukizi hukatwa ncha na utomvu wake mtamu hukingwa kuwa pombe ya ulanzi. Mianzi iliyokomaa husukiwa vihenge vya kuhifadhia nafaka. Baba yake alisuka vihenge, naye akajifunza akiwa bado msichana. Alipoolewa mjini aliukuta mlima nyuma ya nyumba yao ukiwa na miti ya miombo. Aliishuhudia ikiisha. Mti mmoja mmoja uliingia kwenye matanuri ya kuchomea matofali, mpaka mlima ukabaki mwekundu na mvua zikaanza kushusha udongo wake hadi milangoni mwa watu. Na nyumba za matofali hayo zilipokamilika, zikawekewa madari ya plastiki yaliyosafirishwa kutoka mbali. Chini ya joto la mabati yalipinda, yakapasuka, yakaishia kutupwa korongoni na kuchomwa, na moshi wake ukawakohoza watoto wa mtaa mzima.

Kazi yake ilianzia kwenye hasira hiyo. Mwanzi, aliwaambia watu, ukiukata leo shina lake litatoa mwingine bila wewe kupanda chochote. Hauhitaji tanuri wala meli. Watu walimjibu kwamba mianzi ni ya pombe na vihenge, na kwamba mtu aliyejenga nyumba ya kisasa hawezi kulala chini ya ghala. Alikasirika, akaendelea kufanya kazi. Alipata sebule ya mwalimu mmoja, kisha duka la dawa. Hatimaye ikaja chekechea, jengo ambalo kila mzazi wa mtaa angeinua macho na kuliona dari lake.

Mama Adela alitaka plastiki. Ilikuwapo tayari dukani, na siku ya ufunguzi ilikaribia. Lukresia alibishana naye kikao kizima. Alisema mianzi yake ilikwisha kukatwa tangu Agosti na ilikuwa imehifadhiwa kwa kaka yake Madaba. Alieleza pia kwa nini Agosti: wakati wa kiangazi mwanzi hauna sukari nyingi, lakini wakati wa masika sukari ile wanayoinywa watu katika ulanzi huujaza mwili mzima wa mwanzi, na wadudu huipenda kuliko hata walevi. Akina mama walicheka, wakamkubalia, ilimradi amalize kabla ya ufunguzi.

Sasa mianzi hiyo ilikuwa ikigeuka unga. Lukresia alipanda gari la kwanza la kwenda Madaba.

Kaka yake, Kajetani, alikuwa uani akinoa panga. Siku zote Lukresia alianza kwa shikamoo, na siku zote Kajetani aliitikia marahaba kwa sauti ndefu ya utani. Siku ile alitupiwa kipande cha mwanzi miguuni na kuulizwa iliko mianzi ya Agosti.

Kajetani hakuficha. Watu wa Njombe walikuja na lori mwezi wa kwanza wakitafuta mianzi ya kufungia jukwaa la mafundi, naye akawapa. Dada yake alipoagiza mzigo wake mwezi wa nne, aliingia kichakani akakata mingine. Mianzi haiishi, alisema. Shina ni lile lile.

"Umenikatia mianzi iliyojaa ulanzi," alisema Lukresia, "nikaifunge juu ya vichwa vya watoto."

Alimwita mzembe, akamwita mvivu wa akili, akamwambia kwamba baba yao angelikuwa hai angeona aibu. Kajetani alimwacha mpaka pumzi zikamwishia.

"Ilipofika kwako ilikuwa na rangi gani?" aliuliza.

Lukresia aliinama kukiokota kile kipande.

"Ya Agosti ingekuwa ya manjano, tena myepesi. Mimi nilikupakilia ya kijani, inadondosha maji njia nzima. Una macho, dada. Uliipokea, nikajua umeikubali."

Alirudi Songea akiwa na hasira zaidi kuliko alivyokwenda. Njia nzima alimkasirikia Kajetani, akawakasirikia watu wa Njombe, akamkasirikia Mama Adela na plastiki zake. Lakini kila hasira ilimrudisha kwenye kiganja chake mwenyewe. Alikumbuka lori lilivyosimama, alivyoushika mwanzi wa kwanza, na jinsi kiganja kilivyolowa. Aliona ni mibichi. Akawazia plastiki iliyokuwa ikisubiri dukani, akajiambia kwamba joto la mabati litaikausha mianzi.

Siku iliyofuata alilibomoa dari peke yake. Aliwafukuza waliotaka kumsaidia. Mianzi ilipoanguka ilipasuka, na unga ukamjaa kwenye nywele na kope. Alipomaliza aliwaambia akina mama ukweli wote: mzigo ulikuja mbichi, aliuona, akaufunga.

"Ungesema siku ile," alisema Mama Adela, "tungengoja."

"Msingengoja. Mlikuwa na plastiki mkononi."

Mama Adela aliutazama unga sakafuni.

"Pengine tusingengoja," alisema. "Lakini hilo lingekuwa kosa letu. Umetunyang'anya hata kosa letu, Mama Mianzi."

Waliamua ukumbi mkubwa uwekewe plastiki. Chumba kidogo, wanakolala watoto mchana, kingebaki bila dari mpaka Desemba. Baada ya hapo wangeangalia. Hakuna aliyemuahidi zaidi ya hilo.

Agosti ilipofika Lukresia aliingia kichakani mwenyewe. Kajetani alikata pale tu alipoonyeshwa, na hawakutaniana. Mianzi ililazwa kijitoni chini ya mawe ili maji yatoe sukari iliyobaki, kisha ikasimamishwa kivulini mpaka ikawa ya manjano na myepesi. Kila siku aliyoipindua aliiona midomo ya wale akina mama ikicheka, na mikono yake ikaongeza nguvu.

Desemba aliishusha mlangoni pa chekechea. Mama Adela alitoka na panga la jikoni. Bila salamu ndefu aliuchagua mwanzi mmoja katikati ya mzigo, akaupasua kwa urefu wake wote na kupitisha kidole ndani yake. Ulikuwa mkavu, mweupe, safi. Kisha akauchukua mwingine.

Lukresia alihisi damu ikimpanda kichwani. Kila mwanzi uliopasuliwa ulikuwa kazi ya miezi, na dari lilikuwa likipungua mbele ya macho yake. Alitaka kumnyang'anya lile panga.

Badala yake aliinama, akavuta mwanzi mnene kuliko yote kutoka chini kabisa ya mzigo, mahali ambapo mtu mwenye hila angeficha ubovu, akauweka miguuni pa mwenyekiti.

"Na huu," alisema. "Pasua."