Baiskeli Nne kwa Siku Nzima

Watu wakiniuliza kwa nini fundi baiskeli anatembea kwa miguu, huwa nawajibu kwamba kinyozi hajinyoi. Wanacheka, wanachukua baiskeli zao, wanaondoka. Jibu hilo limenisitiri miaka tisa, na ningeendelea kujifunika nalo kama si shemeji yangu, mjane wa kaka yangu, ambaye mji mzima unamwita Mama Teremka.

Kibanda changu kiko mwanzoni mwa daraja, upande wa kushoto ukitoka mjini. Ng'ambo ya mto kuna kiwanda cha sabuni, na shemeji anafanya kazi huko, kwenye kufunga maboksi. Daraja lenyewe ni jembamba. Malori mawili yakikutana juu yake, madereva wanaweza kupeana mikono. Pembeni kuna kinjia cha zege cha waenda kwa miguu, upana wake unamtosha mtu mmoja na baiskeli anayoikokota, tena awe hana kitambi. Mwenye akili anateremka na kukokota mpaka ng'ambo. Mwenye haraka anabaki barabarani na malori.

Kaka yangu alikuwa na haraka. Zamu inaanza saa moja asubuhi, yeye alikuwa amechelewa dakika tano, na lori la tela likambana kwenye vyuma vya ukingo. Mimi ndiye niliyekimbia kumtoa. Sitaki kusema zaidi ya hapo, ila kwamba baiskeli ile ilikuwa imetoka mikononi mwangu jana yake, breki nimezikaza mwenyewe, na baadaye nilizipima tena na kukuta ni nzima kabisa.

Mwezi mmoja baada ya mazishi, shemeji akasimama pale daraja linapoanzia, na filimbi ya plastiki shingoni. Alisimama kila siku ya kazi, kabla ya zamu yake. "Teremka, baba. Teremka, mdogo wangu. Bosi atakukata mshahara, lori litakukata wewe." Mwanzoni walimtukana. Mmoja alimwambia akawateremshe watoto wake kitandani kwanza. Yeye alishika keria ya baiskeli ya yule bwana na kuing'ang'ania mpaka akashuka, na bwana yule leo ndiye anayemkemea mwenzake asipoteremka. Mwaka wa pili wakawa wanashuka wakimwona kwa mbali. Mwaka wa tatu wakawa wanashuka hata siku ambayo ni mgonjwa na hayupo. Tangu hapo hajafa mpanda baiskeli hata mmoja kwenye daraja lile. Cheti hajapewa, wala fulana.

Basi zikaja habari kwamba daraja litapanuliwa. Michoro ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya barabara, na siku ya mapumziko yake shemeji akanipitia twende tukaione. Njia tatu za magari, pana, zimechorwa vizuri kwa rangi. Kinjia cha miguu ni kile kile. Njia ya baiskeli hakuna hata kwa dawa.

Tukaomba kumwona mhandisi, na hapo ndipo tulipoanza kupigwa danadana. Mara yuko saiti, mara yuko kikaoni, mara yupo lakini mwenye faili kaenda kula. Kila tukienda mimi nafunga kibanda, na kila tukirudi nakuta watu wamekwenda kwa fundi mwingine. Mara ya sita tukampata. Alikuwa mtu mpole, akatukaribisha viti, jambo ambalo liliniudhi zaidi. Mtu mkali unaweza kugombana naye ukaondoka roho imetulia.

"Mama, sisi hatuchori kwa kukisia," alisema. "Tunahesabu kwanza." Akatoa fomu na kuigeuzia kwetu. Kulikuwa na safu ya magari madogo, ya mabasi, ya malori, ya pikipiki, ya waenda kwa miguu. Ya baiskeli ilikuwa na nne.

"Nne kwa dakika?" shemeji akauliza.

"Nne kwa siku nzima."

Nilicheka kwa nguvu. "Mheshimiwa, mimi naziba pancha kumi na tano kwa siku. Ina maana hizo nne zinanipenda sana?"

Hakucheka. Akaigeuza fomu, akatuonyesha maelezo ya nyuma kwa maandishi madogo: anayekokota baiskeli ahesabiwe kuwa mwenda kwa miguu. Waenda kwa miguu walikuwa elfu moja na mia mbili.

Shemeji akayasoma mara mbili, kidole kikifuata mstari. Kisha akakirudisha kidole mapajani.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyewafuta."

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Daraja linaua, watu wanateremka ili wasife, halafu wanaambiwa kwamba kwa kuwa wameteremka basi hawapo. Nilitaka kumwuliza yule mpole kama marehemu kaka yangu alihesabiwa safu gani. Shemeji akanikanyaga mguu chini ya meza.

Akaomba wahesabu upya. Mhandisi akafikiri, akakubali, na nasema haki, si kila mtu angekubali. Alhamisi ya wiki iliyofuata, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. "Zikifika mia mbili, naweza kuitetea njia ya baiskeli. Hiyo ndiyo kanuni. Zisipofika, mchoro unakwenda kwa mkandarasi kama ulivyo. Na zege likishamwagwa, mama, sisi sote tutazeeka nalo hivyo hivyo."

Jioni tatu mfululizo shemeji alisimama kwenye geti la kiwanda zamu ikitoka. Alhamisi msiteremke, aliwaambia. Alhamisi piteni juu ya baiskeli. Niliona alivyokuwa akiyasema maneno yale, kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Wao walifurahi. Miaka yote ile wanateremshwa, leo Mama Teremka mwenyewe anawaambia wapande. Ziliahidiwa baiskeli zaidi ya mia tatu.

Alhamisi ikafika. Mhesabuji alikuwa msichana wa chuo, ana kigoda, mwavuli, fomu, na kalamu aliyoifunga kwa uzi isipotee. Akaketi karibu na kibanda changu. Wapandaji wa kwanza wakaja wanapiga kengele kwa madaha, wakapita kumi na moja, msichana akaweka alama kumi na moja. Wa kumi na mbili alikuwa mzee mlinzi wa kiwanda. Lori la mchanga likaja nyuma yake, likapiga honi, likampita kwa kumkwaruza. Mpini wa baiskeli ukagonga chuma, mzee akaangukia upande wa kinjia. Kofia yake ilikwenda na mto. Yeye akasimama, kiwiko kinachuruzika damu, anacheka.

Nyuma yake kulikuwa na watu kama sitini, kila mmoja mguu mmoja chini na mwingine kwenye pedali, wanangoja zamu yao ya kupita.

Filimbi ikalia.

"Teremkeni," shemeji akasema.

"Mama, si wewe uliyesema leo tusiteremke?"

"Ni mimi. Na sasa nasema teremkeni."

Kuna walionuna. Kuna aliyesema kwamba huyu mama sasa hajui anachotaka. Lakini waliteremka wote, wakakokota mmoja nyuma ya mwingine kwenye kinjia, na msichana wa chuo akawajaza safu ya waenda kwa miguu, kama maelezo ya nyuma yanavyosema. Mimi nilitupa spana chini. Miaka tisa ya kusimama, mara sita ofisini, jioni tatu getini, na yote yameishia pale pale tulipoanzia.

Shemeji akaenda nyuma ya kibanda, akatoka na baiskeli yake. Akaikunja sketi na kuibana kwa pini mbili. Daraja lile alikuwa hajalipita juu ya baiskeli tangu awe mjane.

"Shemeji, unakwenda wapi? Na zamu?"

"Nimeomba ruhusa ya siku. Fomu inataka baiskeli," akasema. "Haijasema ziwe za nani."

Akangoja lori lipite, akaingia nyuma yake. Nikamtazama mpaka akafika ng'ambo, nikiwa nimeshika pampu kwa mikono miwili bila kuipampia kitu. Baada ya dakika chache akarudi. Kisha akaenda tena. Msichana wa chuo akaniangalia.

"Huyu si yule yule?"

"Ni yule yule. Unamwandika?"

Akafikiri kidogo. "Nimeambiwa nihesabu kinachopita. Sijaambiwa nikiulize jina." Akaweka alama. Tangu dakika ile nilimpenda yule binti, maana kwa mara ya kwanza kanuni zao zilikuwa zinatufaa na sisi.

Ilikuwa hivyo asubuhi yote na mchana wote. Anangoja upenyo kati ya malori, anaingia, anavuka, anageuza, anangoja tena. Madereva walimpigia honi na kumwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Saa tano akapata pancha, nikamzibia huku amesimama, hakutaka hata kukaa. Kwa saa moja alikuwa anavuka mara kumi na tano, kumi na sita. Mama wa miaka hamsini na miwili, magoti yake yanajulikana mpaka hospitali.

Saa tisa alasiri akasimama mbele ya kibanda. Akanywa maji kikombe kizima na kingine. Mapaja yalikuwa yanamtetemeka, akaegemea nguzo ili nisione.

"Panda na wewe, shemeji," akasema. "Saa moja tu, twende wawili. Hazitatosha."

Nikamwambia awangoje wa kiwandani, wanatoka saa kumi na moja, watakubali kupanda.

"Wale siwezi kuwaomba. Nimeona damu ya yule mzee. Wewe ni ndugu yangu, wewe naweza kukuomba."

Mbele yangu zilikuwa zimeegeshwa baiskeli sita, zote nzima, zinawangoja wenyewe. Nilikuwa na gurudumu mkononi. Nikalizungusha, nikainamisha kichwa kama mtu anayetafuta kombo.

"Nina kazi ya mtu hapa," nikasema. "Anakuja sasa hivi."

Hakukuwa na mtu anayekuja. Gurudumu lilikuwa limenyooka. Niliogopa, na sasa nasema hivyo bila kuzunguka. Hiyo ya kinyozi hajinyoi ni uongo wangu wa miaka tisa. Tangu siku niliyomtoa kaka yangu kwenye vyuma vile, nimetengeneza maelfu ya baiskeli na sijapanda hata moja. Nazijaribu kwa kuzigeuza miguu juu na kuzizungusha pedali kwa mkono. Nimewalaumu madereva, nimeilaumu ofisi, nimewalaumu wapandaji kwa vichwa vyao vigumu, na lawama zote hizo nimezitoa nikiwa nimekaa kwenye stuli.

Shemeji akalitazama gurudumu. Akanitazama mimi.

"Haya," akasema, akapanda.

Saa kumi na moja zamu ikatoka. Walipomkuta bado anavuka na kurudi, jasho limemwagika mpaka kiunoni, wengi walitaka kupanda wamsaidie. Aliwateremsha kwa filimbi aliyoibana kwa meno, hata hakusimama. Saa kumi na mbili kamili msichana wa chuo akapiga mstari chini ya fomu yake, akakunja mwavuli. Shemeji alikuwa katikati ya daraja. Hiyo haikuingia.

Jumatatu tukaenda ofisini. Mara hii tuliingia bila kungoja. Mhandisi alikuwa na fomu mezani, na uso wake ulionyesha kwamba alitutakia mema.

"Mia moja themanini na saba," akasema. "Mmekaribia sana, mama. Kutoka nne mpaka hapo, si haba. Ila kanuni ni mia mbili."

Hakuuliza zilikuwa baiskeli za nani. Kwenye karatasi zilionekana ni watu mia moja themanini na saba, wamepita na njia zao. Shemeji akamshukuru, akachukua mkoba wake. Zilipungua kumi na tatu. Hesabu hiyo niliimaliza kwenye ngazi, kabla hatujafika chini: mtu mmoja kwa saa moja anavuka mara kumi na tano.

Nilingoja aniseme. Nilikuwa nimejiandaa kabisa, na ningefarijika kama angenisema pale pale mbele ya watu. Alishuka ngazi taratibu, ameshika ukuta kwa sababu ya magoti.

"Twende, shemeji," akasema. "Kuna watu wanakungoja na pancha zao."

Kesho yake nilitoa baiskeli kwenye kibanda kabla ya saa kumi na mbili, nikaisukuma mpaka kwenye kona, mbali na macho ya watu. Nikapanda. Magoti yaligongana na mpini, nikayumba karibu niingie mtaroni, lakini baiskeli haikunitupa. Nikaja nayo mpaka darajani, macho yangu yako mbele kwenye zege. Kigoda cha msichana hakikuwepo. Hakuna aliyekuwa anahesabu.

Shemeji alikuwa amesimama mahali pake, filimbi shingoni. Aliniona tangu mbali, akaniacha nisogee.

"Teremka, shemeji," akasema.

Nikateremka. Nikaingia kwenye kinjia nyuma ya wafanyakazi wa kiwandani, nikakokota mpaka ng'ambo, mwenda kwa miguu kama wao.