Mafaili Mia Tano Kabla Sijameza Chai

Mjukuu wangu tunamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa maswali yake. Alipokuwa mdogo nilimtuma dukani akarudi mikono mitupu, eti mwenye duka kamficha mizani. Sikumgombeza. Nilijua huyu ni damu yangu.

Sasa kazi yake ni kukagua majaribio. Kuna seva, mashine moja inayotunza mafaili ya watu wengi, na kila mtu huyachukua kwa waya akiwa kwenye mashine yake. Kabla haijaaminiwa, fundi huandika programu ya kuijaribu: weka faili, lichukue, tazama kama ni lilelile. Sindano huisoma programu hiyo na kusema inafaa au haifai. Alikuwa na miezi miwili tu kazini, bado wanamtazama.

Siku hiyo alifanyia kazi mezani kwangu. Mafaili yenyewe yalikuwa ramani za viwanja vya watu. Akisema inafaa, saa kumi jioni mashine ya zamani inayozitunza sasa inafutwa. Ramani zikipotea, ataulizwa yeye. Akikataa bila sababu, kazi ndiyo basi tena.

Akabonyeza, programu ikaanza. Mistari ya kijani ikajaa kwenye kioo.

"Mia tano yote yamepita, bibi," akasema, lakini uso haukuwa wa furaha.

"Yameenda kwenye seva na kurudi?"

"Ndivyo inavyosema."

"Mbona mimi chai hii sijaimeza bado?"

Nimefua mashuka ya hospitali miaka ishirini na saba. Wodi namba nne ilikuwa juu kabisa, ngazi mpaka magoti yanalia. Mchukuzi mmoja alikuwa akirudi kutoka huko mkavu, hata puani hana jasho, na daftari lake limejaa alama safi. Nikamfuata. Kumbe huku chini kulikuwa na kabati kuukuu lililoandikwa namba nne, mashuka anayasukumia humo. Wagonjwa juu wanalalia magodoro matupu.

"Huyo fundi wako ni mwizi," nikamwambia.

"Bibi nawe! Si ndiye aliyenifundisha kazi?"

"Ndivyo wanavyoanza."

Akauma ukucha. Kisha akampigia simu, akaweka sauti ya nje nisikie.

"Kaka, naomba uizime seva tunayoijaribu, dakika tano tu."

"Dada, saa tisa hii! Unatafuta nini tena, na yote kijani?"

"Izime tu."

"Bibi yuko hapo, siyo?" Akacheka. "Shikamoo, bibi!"

Sikuitikia. Salamu yake ingengoja.

"Haya, nimezima."

Sindano akabonyeza tena. Seva imekufa fofofo, na mistari ya kijani ikajaa vilevile, mia tano, upesi uleule.

Sindano alikuwa ameinamia kioo, kidole kikishuka mstari kwa mstari, mpaka akapata. Folda ya seva ilipaswa kuunganishwa kwanza kwenye mashine inayojaribu. Haikuunganishwa, na programu haikuuliza. Mahali pale palikuwa na folda tupu ya jina hilohilo, ya mashine hii ya mezani. Mafaili yaliandikwa humohumo, yakasomwa humohumo. Kabati namba nne la chini.

"Kwenye mashine yangu huwa imeunganishwa siku zote," fundi akasema, sauti imeshuka. "Haikunijia akilini kabisa."

Sindano akaandika: haifai. Akamwambia aongeze mstari mwanzoni: kama seva haijaunganishwa, simama. Seva ikawashwa, ikaunganishwa, wakajaribu upya. Safari hii ilichukua dakika sita, chai yangu ikaisha na kikombe nikakiosha. Mafaili kumi na moja yalirudi yamekatika mwisho.

Mashine ya zamani haikufutwa jioni ile.

Fundi akapiga tena. "Dada, umeniokoa. Mwambie bibi shikamoo."

"Marahaba," nikajibu mwenyewe.

Alipokata, Sindano akanigeukia. "Umeona, bibi? Si mwizi. Alisahau tu."

"Hata yule mchukuzi alisema hivyo," nikamwambia. "Kesho mwambie aizime tena."